Katuni Niliyoitazama na Mkwe Wangu

Wazee wenzangu ukiwauliza wanakumbuka nini cha zamani, mmoja atakwambia anakumbuka mkonge ulipokuwa mkonge, treni inapiga honi Korogwe na watu wanashuka na masanduku ya bati. Mwingine atakumbuka sukari ilivyokuwa rahisi, na wakati huo alikuwa hata chai hanywi. Mimi ukiniuliza kitu ninachokikumbuka mpaka moyo unaniuma, nitakwambia katuni. Ndiyo, katuni, zile picha za kuchora zinazotembea kwenye tivii. Usicheke kwanza. Huko kucheka ndiko kulikotaka kunirudisha mlimani.

Wala si ya zamani. Ni juzijuzi tu, simu za kupangusa zimeshaingia mpaka kwa wachunga ng'ombe. Ilidumu miezi miwili na siku chache, ikaondolewa. Ninazo sufuria zilizodumu kuliko hiyo katuni. Na leo ukimuuliza mtu hapa Handeni kama aliiona, anakataa. Wengine wanakataa kwa sababu hawakuiona, wengine kwa sababu waliiona. Mwaka jana nilikuwa stendi ya Korogwe, nikakaa karibu na mama muuza machungwa, tukaongea habari za kuku wasiotaga, nikamwambia, "Alikuwepo kuku mmoja kwenye tivii, huyo alitaga kila mtu aliposema uongo." Yule mama alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Halafu akanitazama.

"Mama, kwani wewe uliitazama na nani?"

"Na wewe je?" nikamuuliza.

Akaokota kisu. Akanimenyea chungwa, nikala, basi langu likaja.

Ngoja nieleze ilikuwa inahusu nini, maana najiona nataka kukimbilia mbele. Ilikuwa ya familia moja. Baba ni mjumbe wa mtaa, tumbo linatangulia, miguu inafuata baadaye. Mke anakaanga maandazi na anajua siri za mtaa mzima. Ndani ya nyumba hiyo anaishi pia mama yake mke, yaani mkwe wa mjumbe, bibi mfupi, kilemba kikubwa kuliko yeye, meno mawili, mdomo haujui kufungwa. Na yupo huyo kuku anayekaa dirishani. Mjumbe akisema, "Hela za barabara zimekwenda kwenye barabara," kuku anataga. Akisema, "Nilichelewa msikitini," kuku anataga. Siku ya mkutano wa hadhara alitaga mpaka akaomba maji.

Walioichora nasikia ni vijana wa Dar es Salaam. Waliichora vibaya, haki ya Mungu. Mikono mifupi, jicho moja kubwa na jingine limelala. Ila maneno yake! Waliyatoa wapi vijana wale mambo ya ndani ya nyumba za watu, sijui. Waliitengeneza kwa ajili ya watu wazima. Lakini huko kwenye kituo cha televisheni nadhani aliyepanga ratiba aliona imechorwa, akasema hii ya watoto, akaiweka Jumamosi saa kumi alasiri, madrasa imeshatoka. Nasi huku tukawa na akili hiyohiyo. Kilichochorwa ni cha watoto. Mtu mzima akitaka uchafu atatazama watu wa nyama na mifupa.

Sasa turudi kwangu. Mimi ni Msambaa wa Kwashemshi. Shule niliishia darasa la tatu, nikaja kumalizia ngumbaru ukubwani, mwalimu akiwa kijana wa jirani aliyekuwa ananipa shikamoo kwanza halafu ananipiga mstari mwekundu. Mume wangu alipofariki nilibaki kule juu na magoti yangu mabovu. Binti yangu ameolewa Handeni hapa, mtaa wa Chanika, na Mzigua, mtu wa dini, mtaratibu, fundi wa kufunga nyungo za tivii, yale madishi, juu ya mabati ya watu, na mvua ikikubali analima mahindi. Binti akaniambia, "Mama, njoo ukae na sisi."

Watu wa mjini wataona hilo ni jambo la kufunga begi tu. Kwetu sisi mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai paa moja. Wanaheshimiana mpaka heshima inakuwa kazi ya kutwa. Hampishani mlangoni. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni, na mimi mkwe wangu huyu namjua zaidi kwa visigino. Tena hamsemeshani moja kwa moja kama yupo mtu wa kupitishia maneno. Atasimama hatua tatu kutoka nilipo, aseme, "Mwambieni mama mvua inakuja, aanue nguo." Mimi nimesikia, lakini nasubiri binti atoke jikoni aje aniambie, "Mama, mvua," ndipo niinuke. Nguo zimeshalowa. Heshima haijalowa.

Kwa hiyo kuja kwangu kulifanyiwa kikao. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa familia sasa, na hakutaka niondoke. Alisema ni kwa sababu ya mila. Mimi nasema ni kwa sababu ya nyani. Shamba lake liko pembeni ya msitu, na mtu wa kukaa kwenye kibanda kufukuza nyani kutoka alfajiri nilikuwa mimi. Nyani wale walishajua magoti yangu. Wakiniona nainuka, wanamalizia kwanza hindi lililoko mkononi, wanachuma jingine la njiani, ndipo wanaondoka, tena kwa kutembea. Shemeji akaniambia mbele ya watu:

"Shemeji, nenda. Lakini siku wewe na mkwe wako mtakapovunjiana haya, nakuja kukuchukua mwenyewe. Sitauliza mara mbili."

Nikakubali. Nikashuka Chanika, nikapewa chumba cha dirisha linaloangalia mpapai, kitanda cha godoro, maji bombani hatua kumi. Hakuna mlima, hakuna nyani. Nikaapa moyoni kwamba mtu wa kunitoa humo atanitoa na kitanda.

Tivii ilikuwa sebuleni, na ilikuwa na sheria zake. Taarifa ya habari tunatazama wote, maana habari hazina haya, zina aibu tu, na aibu ile si yetu. Mpira ruhusa. Tamthilia ndiyo ilikuwa shida. Mkaka na mdada wakianza kutazamana sana, mkwe wangu anakohoa. Wakishikana mikono anasema, "Huu ungo umehama," anachukua ngazi, anapanda juu ya bati kurekebisha. Fundi ana bahati, ana sababu ya kutoka. Ule ungo wetu ulirekebishwa kuliko ungo wowote wa wilaya hii, na haukuwahi kuharibika hata siku moja.

Jumamosi ya kwanza binti yangu akaniita. "Mama njoo, kuna katuni ya watoto, tazama na wajukuu zako." Wajukuu zangu ni wasichana wawili, mmoja la tatu mwingine la kwanza. Nikaketi mkekani nao. Mkwe wangu kwenye kiti chake karibu na mlango, kanzu yake ya Jumamosi, mgongo wake kwangu kidogo. Hatukuwa na wasiwasi. Katuni.

Mjumbe akatokea, tumbo, kuku, yai, wajukuu wakacheka, nami nikacheka kidogo kicheko cha bibi, kile cha kuwasindikiza watoto. Halafu mjumbe akakaa kitandani na mkewe, akavua kofia, akasema kwa huzuni:

"Mke wangu, kitanda chetu kimenyamaza mwezi wa pili sasa, tangu mama yako ahamie humu."

Jamani. Nilihisi masikio yanawaka mpaka chini ya ushungi. Kisigino cha mkwe wangu, ambacho ndicho ninachoruhusiwa kukijua, kilikakamaa. Na hapo ndipo tulipokwama, nisikilize vizuri. Angekohoa na kusema ungo umehama, maana yake ameelewa. Mimi ningeinuka, maana yake nimeelewa. Na kama nimeelewa, basi nimekaa chumba kimoja na mkwe wangu tukisikiliza habari za kitanda, kitanda cha mjumbe anayeishi na mama mkwe wake. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, kutoelewa. Tukakaa. Tukatazama kama tunavyotazama maji yakichemka. Ilipokwisha mkwe wangu akasema kwa sauti ya mtu anayeaga maiti:

"Mwambieni mama, katuni za siku hizi zina rangi nzuri."

"Mwambie baba," nikamjibu kupitia kwa binti, "rangi zimetulia."

Ungefikiri Jumamosi ya pili kila mtu angejipa shughuli. Mimi mwenyewe nilijiambia nitakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kulikuwa na mgonjwa kweli, jirani, mguu umevimba. Nikamjulia hali asubuhi. Saa tisa na nusu nilikuwa mkekani, na mkwe wangu, aliyekuwa na kazi ya ungo upande wa pili wa mji, alikuwa kwenye kiti chake na kanzu imenyooshwa.

Waliotuangusha ni watoto. Wao baada ya wiki ya pili waliichoka, wanasema kuku anataga tu, hakuna wanaopigana. Wakataka kwenda kuruka kamba. Sasa watoto wakitoka, katuni ya watoto inatazamwa na nani? Nikaanza kuwapikia karanga. Jumamosi saa tisa harufu ya karanga inajaa nyumba, nawaita kwa upole, "Njooni wajukuu zangu, katuni yenu inaanza." Mkubwa akaniambia, "Bibi, hatuitaki." Nikamwambia mtoto asiyetazama katuni hawezi kukua vizuri. Baba yao naye, mtu ambaye ukimwambia watoto wanatazama tivii sana anaizima, nilimsikia uani anasema, "Ingieni ndani, katuni yenu hiyo, mnamkosea bibi yenu." Wale watoto walikuwa wanakokotwa ndani kama mbuzi wa mnadani, wanaketi wamenuna, na mimi nimewakumbatia mmoja kila upande ili mtu akipita mlangoni awaone.

Nitasema ukweli kwa nini nilikuwa naipenda, maana nimeshazeeka kwa uongo. Ni yule bibi. Nimeishi miaka yote hii nikipitisha maneno kwa watu wengine. Nikiwa mwali nilipitishia kwa shangazi. Nilipoolewa, kwa mume. Nikawa mjane, kwa shemeji. Sasa kwa binti. Maneno yangu yamekuwa yakisafiri kuliko mimi, na yakifika yamepoa. Halafu namwona huyu bibi wa kuchorwa, meno mawili, anamwambia mjumbe usoni, "Wewe tumbo hilo umelikopa wapi, na utalirudisha lini?" Hamtumi mtu. Mjumbe naye anamjibu, wanarushiana, mwisho wanakula ubwabwa sahani moja. Nilikuwa namtazama kwa wivu kama mtu anavyomtazama jirani aliyejenga.

Na kucheka ilikuwa marufuku, hilo ndilo lililokuwa linaniua. Nikajifunza kucheka kwa tumbo bila mdomo. Nikajifunza kuuma ncha ya kanga. Nina kanga mpaka leo ina matundu pembeni, binti alidhani ni panya. Mkwe wangu yeye alikuwa anasoma uradi. Mjumbe akianguka kisimani, mkwe anavuta tasbihi mbio kama imeungua.

Tukafika hiyo Jumamosi. Mjumbe ameitisha mkutano wa maadili. Kipaza sauti, viti vya plastiki, wananchi wamejaa. Anahubiri vijana wavae vizuri na wazee waheshimiwe, kuku anataga mfululizo. Akamaliza, akakaa pembeni na mkewe, na kipaza sauti amekisahau mapajani, kiko wazi. Akaanza yale yale ya kitanda. Mtaa mzima unasikia, mpaka mbuzi wameinua masikio. "Mama yako ndiye amekinyamazisha!" Yule bibi akainuka kutoka mstari wa nyuma, akatembea taratibu na fimbo yake, akamnyang'anya kipaza sauti, akasafisha koo.

"Wananchi," akasema, "asije akanisingizia. Hicho kitanda nilikikuta kimeshanyamaza."

Nilikuwa na chai ya mchaichai mdomoni. Sitaki kueleza ilikotokea. Ninachoweza kusema ni kwamba kanga haikuwahi. Nilicheka, na si kicheko cha bibi, ni kile cha msichana wa kisimani, cha kupiga mapaja, ushungi umeshuka mabegani, wajukuu wameniachia nafasi. Nilicheka mimi kwanza. Naandika hapa, maana mkwe wangu hasomi vitabu, anasoma maelekezo ya ving'amuzi.

Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye kile kiti. Ilianza kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mkwe wangu akasimama, akasema, "Huu ungo umeha—", hakumaliza, akatoka mbio, akapanda ngazi, na kule juu ya bati ikawaka. Alicheka mpaka mabati yanagonga. Alikaa, akalala, akaushika ule ungo kwa mikono miwili, mwili mzima unatetemeka, machozi yanatoka.

Jirani wa mbele, mwenye mguu wake uliovimba, akamwona. Fundi, juu ya bati, ameshika chuma, anatetemeka, anatoa sauti. Ungefikiri nini?

"Amenaswa na umeme! Leteni kijiti kikavu!"

Wanaume wa Chanika ni watu wa msaada, siwezi kuwasingizia. Walipanda watatu na mipini ya majembe. Mtu aliyenaswa na umeme haguswi kwa mkono, anapigwa na mti mkavu mpaka aachie, kila mtu anajua. Wakampiga mkwe wangu mpaka akaachia. Kila wakimpiga anacheka zaidi, na kila akicheka wanasema, "Bado anao, ongeza!"

Waliposhuka naye walitaka kujua. Yeye hasemi, amelala kivulini anapangusa macho. Wakamgeukia binti yangu, na binti yangu, maskini, kwa kuchanganyikiwa akasema, "Alikuwa ndani anatazama katuni na mama."

Mwenye mpini akauweka chini.

Kufika Jumanne habari imeshapanda Kwashemshi. Na nilivyosikia, huko juu ilifika imenenepa, kwamba mimi na mkwe wangu tumeonekana tunachekeana kwenye bati. Ijumaa jioni shemeji yangu akawa amefika, na viroba viwili vitupu vimekunjwa kwapani. Hakuficha. Alivitandika kwenye kiti karibu na mlango wa chumba changu ili nivione nikitoka na nikiingia. Usiku ule sikulala vizuri. Nilisikia nyani.

Kesho yake, Jumamosi, kikao kikakaa uani kwenye jamvi baada ya adhuhuri. Hakimu alikuwa mshenga wa ndoa ya binti yangu, mzee wa Kizigua, mpole, ndiye aliyeleta posa Kwashemshi miaka ile. Mimi niliketi mlango wa jikoni nimefunika uso. Mkwe wangu upande wa pili, michubuko ya mipini bado mkononi.

Mshenga akaeleza sheria yake, rahisi tu. Aliyecheka kwanza ndiye aliyevunja haya. Akiwa ni mkwe, atatoa jogoo na doti ya kanga kumfunika mama, yamekwisha. Akiwa ni mama, hapo hakuna jogoo. Mama mzima aliyemvulia mkwe wake kicheko hawezi kubaki nyumba ile, atarudi kwa watu wake siku hiyohiyo.

Shemeji akakunjua kiroba kimoja, akakikung'uta.

"Kwanza tuone hicho walichokuwa wanatazama," akasema. "Isije kuwa kitu cha kuchekesha kweli, tukamwonea mtu. Saa kumi si inaanza? Tuingie."

Saa kumi wazee sita wakaketi sebuleni kwa mpangilio wa umri, fimbo magotini. Mkwe akawasha. Nikajiinamia, nasubiri tumbo la mjumbe. Akatokea bwana mmoja wa nyama na mifupa, amesimama shambani, koti jeusi, akasema leo tutajifunza kilimo bora cha vitunguu.

Katuni imeondolewa. Hivyohivyo, bila kwaheri. Nilisikia baadaye sababu nyingi. Wengine walisema kuna mwenyekiti wa mtaa, sijui wa wapi, alilalamika kwamba yule mjumbe kachorwa yeye. Huyo alipolalamika wakajitokeza wenzake wengi, kila mmoja na mtaa wake, wanagombana ni nani hasa aliyechorwa, na kila mmoja ana ushahidi wa tumbo. Wengine walisema vijana walichoka kuchora bila kulipwa. Mimi siku ile sikujua lolote. Nilihisi kama nimeambiwa mtu amefariki na siwezi kulia kwa sababu hawajui kama tulikuwa tunafahamiana.

Wazee walitazama vitunguu mwanzo mpaka mwisho. Walitazama kwa makini, wanatafuta aibu ilipo. Yule bwana alipoinama kuonyesha kitalu, shemeji akaniuliza kupitia kwa mshenga:

"Ni hapo kwenye kupandikiza ndipo walipocheka?"

"Siyo yenyewe," mkwe akasema. "Imebadilishwa."

"Basi tuambieni ile nyingine ilisema nini."

Hapo ikawa kazi. Mkwe hawezi kulitamka mbele yangu. Mimi siwezi mbele yake, wala mbele ya shemeji. Binti yangu hawezi mbele ya baba yake mdogo. Wajukuu waliulizwa, wakasema kuku alitaga. Mshenga akafikiri, akamchukua mkwe wangu wakaenda nyuma ya jiko wawili tu, amwambie sikioni. Tukangoja. Kikapita kitambo. Halafu nyuma ya jiko tukasikia pikipiki nyingine inakataa kuwaka.

Mshenga akarudi macho mekundu, kofia imekaa upande. "Nimelisikia," akasema. "Halitamkiki."

"Mimi ndiye mwenye mtu," akasema shemeji, "lazima nilisikie." Akaenda na mshenga nyuma ya jiko. Shemeji yangu ni mtu mkavu, sijapata kumwona meno tangu msiba wa kaka yake, na siku ile yalionekana kwa sababu ya kulia. Alirudi anashika ukuta. Akaketi, akajaribu kuvaa uso wa kikao, ukawa unamtoka pembeni. Mzee wa tatu akainuka bila kuitwa. Wa nne akamfuata. Kikao kizima kilikwenda nyuma ya jiko mmoja mmoja kupata ushahidi, na kilirudi hakifai.

Lakini sheria ilibaki palepale, na viroba vilikuwa palepale. Mshenga akajipangusa, akauliza kwa sauti ya hakimu:

"Sasa. Kati ya mama na mkwe, nani alicheka kwanza?"

Mimi ndimi nilijua, na mkwe wangu alijua, na binti alikuwa jikoni siku ile hakuona, na wajukuu kila wakiulizwa ni kuku alitaga tu. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, naapa. Nadhani nilitaka kusema kweli, maana nasali, na magoti yangu yameshaanza kuuma kama yamehisi mlima.

"Ni mimi," mkwe wangu akasema. "Mama hakucheka. Mama alipaliwa na chai. Mimi nilicheka, nikatoka."

Kama kungekuwa na kuku dirishani angetaga. Nikaufunga mdomo wangu. Ndiyo, niliufunga, na nimeendelea kuufunga, na Mungu anajua umri wangu na anajua nyani. Shemeji alinitazama, na nadhani hakuamini kuhusu chai, lakini mtu aliyetoka kucheka nyuma ya jiko hana nguvu ya kubisha. Alikunja viroba vyake taratibu, kimoja, halafu cha pili.

Jogoo akachinjwa jioni ileile, doti nikafunikwa. Wazee walipokwisha kula wakaongeza hukumu moja, kwa usalama. Wakasema tivii ni hatari, basi sebuleni patundikwe pazia kutoka ukutani mpaka ukutani, mkwe akae upande wake na mama upande wake, kioo kiwe katikati kila mtu akione, wao wasionane. Nyuma ya pazia mtu aruhusiwe kupaliwa apendavyo.

Pazia likatundikwa, kitambaa kizito cha maua ya bluu. Jumamosi iliyofuata saa kumi nikaketi upande wangu, nikasikia kiti kinalia upande wa pili. Tumepewa ruhusa ya kucheka mpaka mbavu zivunjike, na cha kuchekea kimeondoka. Yule bwana wa vitunguu akaanza. Wiki ya kwanza mbolea. Wiki ya pili mbolea. Nilikuwa nasikia mkwe wangu anapumua kwa huzuni, nami napumua, na hakuna wa kumwambia mwenzake anakumbuka nini.

Wiki ya tatu au ya nne, binti yuko sokoni, watoto wanaruka kamba, hakuna hata mtu mmoja wa kupitishia maneno. Nikasikia upande wa pili:

"Mama."

Nilishtuka. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, moja kwa moja, tangu alipomwoa mwanangu.

"Naam, baba."

Kiti chake kikalia. "Huyu bwana wa vitunguu. Hilo koti ni lake kweli?"

Nikalitazama. Mikono ilikuwa imemfika vidoleni. Nikakaa sawa, nikasafisha koo.

"Ameliazima," nikasema. "Na mwenyewe yuko nyuma ya vitunguu hapo, anasubiri avuliwe."

Bwana wa vitunguu akasema kilimo hiki hakina hasara kabisa, nami nikatazama dirishani kama yupo kuku.